MAONI: Mkanda wa injini ukikatika, fundi apime kwanza, ahukumu baadaye

Katika garaji za Bunia kuna hukumu moja inayotoka haraka kuliko zote. Gari limevutwa kwa kamba kutoka upande wa Iga-Barrière au wa Komanda. Boneti inafunguliwa, kifuniko cha plastiki kinatolewa, na vipande vya mpira mweusi vinaanguka chini. Fundi anatazama, anapangusa mikono, anatangaza: supape zote zimepinda, injini imekwisha. Hakuna buji iliyofunguliwa. Hakuna kipimo kilichotolewa kwenye sanduku. Kabla ya jioni mwenye gari tayari anapiga simu Arua na Kampala kuulizia injini nyingine ya okazyo.

Inawezekana fundi amesema kweli. Ubaya ni kwamba yeye mwenyewe hajui kama amesema kweli. Na iko hukumu ya pili, ya fundi mwingine, iliyo kinyume kabisa na hiyo ya kwanza lakini yenye hatari ileile: tufunge mkanda mpya, tuwashe, tuone. Huyo naye hajapima. Akibahatika, gari litaondoka. Asipobahatika, ataongeza uharibifu juu ya uharibifu, na mwenye gari atalipa mara mbili.

Naandika haya kwa sababu naona tunakosea mahali pamoja, sisi wenye magari pamoja na mafundi wetu. Tunalipia pyesi na mikono, lakini hatulipii kipimo. Fundi anayebadilisha injini anapata pesa. Fundi anayetumia saa mbili kupima na kukuambia kwamba injini yako ni nzima anapata ahsante. Kwa hiyo tunapewa bure kile tusichotaka kulipia: hukumu ya macho.

Mkanda ninaousema ni ule ambao mafundi wetu wanauita kurua ya distribisyo, na wenzao wa Uganda na Tanzania wanauita taimingi belti. Si ule unaoonekana mbele ya injini ukizungusha alternata. Huo ukikatika, betri haichajiwi tena na pengine maji yanachemka, lakini injini haivunjiki kwa pigo moja. Huu wa ndani ndio unaounganisha krenki ya chini na shafti ya juu inayofungua na kufunga supape. Uzito wa jambo uko hapo.

Na uzito huo kwetu si wa fundi peke yake. Mjini Bunia watu wengi wanapanda pikipiki, lakini anayekwenda Mahagi, Aru au Beni na mzigo anahitaji gari. Barabara ya Kitaifa namba 27, inayotoka Komanda, ikapita Bunia na kufika Mahagi kwenye mpaka wa Uganda, si mahali pa kukaa kando ya njia ukisubiri fundi. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na kila shoferi anajua vipande vya barabara ambavyo hataki kusimama hata kwa kubadilisha tairi. Gari lililozimika ghafla katikati ya safari linaweka watu hatarini. Halafu linakuja deni: gari limenunuliwa kwa pesa za likelemba, au za mifugo iliyouzwa, au ni la bwana mwingine na shoferi anapaswa kumpelekea malipo yake kila jioni. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba injini imekufa, unabadilisha mwaka wake mzima.

Tuangalie basi kinachotokea ndani. Krenki inapozunguka mara mbili, shafti ya juu inazunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila supape inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja. Mkanda ndio unaohakikisha kwamba pistoni inapofika juu, supape imekwisha kurudi nyumbani kwake. Mkanda ukikatika, shafti ya juu inasimama pale ilipo, na baadhi ya supape zinabaki zimefunguka. Lakini krenki haisimami papo hapo, kwa sababu magurudumu yanaisukuma na uzito wake mwenyewe unaivuta. Pistoni zinaendelea kupanda. Kama mtengenezaji hakuacha nafasi ya kutosha, pistoni inaigonga supape iliyo wazi. Supape ni kijiti chembamba cha chuma chenye kofia, na ikigongwa inapinda. Ikipinda hata kidogo, kofia haikai tena sawasawa kwenye kiti chake, na silinda ile inapoteza mgandamizo.

Neno muhimu hapo ni "kama". Kuna injini ambazo mtengenezaji aliacha nafasi. Corolla na Carina za zamani zenye injini ya petroli ya 4A-FE zinajulikana kwa hilo: mkanda ukikatika, pistoni na supape hazikutani, na kazi inaishia kwenye mkanda mpya. Ni mara ngapi mwenye Carina ameambiwa injini yake imekufa kwa sababu fundi alikumbuka kilichotokea kwenye gari lingine wiki iliyopita? Kwa upande wa dizeli, mambo ni magumu zaidi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo mashirika na wafanyabiashara wengi wa kwetu wanaipenda, ina mkanda. Hiace na Hilux za 2L, 3L na 5L zina mkanda. Dizeli hizi zinabana hewa zaidi ya mara 20, maana yake pistoni ikifika juu inakaribia kugusa kichwa cha injini. Hapo karibu hakuna nafasi, na mtu asidanganywe kwamba pengine imeponea. Ila hata kwa dizeli, swali linabaki: supape ngapi, silinda zipi, na shafti ya juu iko salama au imevunjika? Jibu moja ni kazi ya kichwa tu, jibu lingine ni injini nzima, na kati ya majibu hayo mawili kuna pesa nyingi.

Kisha kuna magari ambayo hayana mkanda huo kabisa. Vitz, IST, Probox na Corolla za NZE, zenye injini za 1NZ au 2NZ, zinatumia cheni ya chuma ndani ya mafuta. Mwenye gari la namna hiyo akiuziwa mkanda wa distribisyo, arudishe akaulize pesa zake zimekwenda wapi.

Sasa gari limezimika. Jambo la kwanza, na hili ni la shoferi kabla halijawa la fundi, ni kuacha kupiga starta. Dalili ziko wazi kwa anayesikiliza: injini imezima ghafla bila kukohoa, na ukigusa ufunguo starta inazunguka kwa wepesi na mlio mmoja mlaini, kama vile haina mzigo. Injini nzima hulalamika ikizungushwa, wu-wu-wu, kwa sababu kila silinda inabana hewa kwa zamu. Mlio ule mlaini maana yake hakuna kinachobanwa. Kila mara unapoujaribu tena ufunguo unazipa pistoni nafasi nyingine ya kugonga supape ambazo pengine zilikuwa zimeponea. Kusukuma gari likiwa kwenye gia ni jambo lilelile, na abiria wetu kwa wema wao wako tayari sana kusukuma. Wakataze. Gari livutwe likiwa nyutro.

Garajini, fundi aondoe kifuniko cha juu na athibitishe kwamba mkanda umekatika kweli, au umeng'oka meno, au umeruka tu hatua kadhaa. Haya ni mambo matatu tofauti. Mkanda ulioruka meno mawili matatu unaweza kuacha injini ikiwaka vibaya bila kuvunja chochote. Akiwa na kamera ndogo ya kuunganisha kwenye simu, aiingize kwenye tundu la buji na atazame juu ya pistoni. Alama yenye umbo la mwezi mwandamo, inayong'aa katikati ya masizi meusi, inaonyesha kwamba supape imegusa. Alama hiyo ni ushahidi wa kugongana. Haielezi bado kama supape imepinda, lakini inakuambia silinda ipi uishuku zaidi.

Kinachofuata ndicho ninachokipigania, kwa sababu hakihitaji chombo chochote kinachotoka Ulaya. Ni kipimo cha hewa. Kila mtengeneza matairi wa Bunia ana kompresa. Fundi anachukua buji ya zamani, anaitoa kaure ya ndani, anaichomelea kichwa cha kupokea mpira wa kompresa, na chombo kimekamilika. Kwa dizeli anatumia tundu la buji ya kupasha moto, kwa kichwa kilichotengenezwa hivyohivyo. Kipimo hiki kina uzuri mwingine: kinaweza kufanywa kabla ya kununua mkanda mpya, kabla mwenye gari hajatoa hata dola moja ya pyesi.

Kinafanywa hivi. Krenki inazungushwa kwa spana, polepole, hadi isiwepo pistoni yoyote iliyo juu kabisa. Kwa injini ya silinda 4, zote zinakaa katikati ya safari yake. Mkono ukikutana na kizuizi, usilazimishe. Shafti ya juu inasogezwa kidogo kwanza. Pistoni zikishaondoka juu, shafti ya juu inaweza kuzungushwa bila hofu, maana hakuna kitakachogongwa. Fundi anaizungusha hadi supape zote za silinda ya kwanza ziwe zimefungwa, yaani vinundu vya shafti vimegeuka na havizibonyezi tena. Halafu anaingiza hewa kwa presha ndogo, kama ile ya tairi, na anasikiliza.

Hewa ikipuliza kwenye njia ya kuingizia hewa, supape ya kuingiza haifungi. Ikipuliza kwenye bomba la moshi nyuma ya gari, ni supape ya kutolea moshi. Ikitoka kwenye kifuniko cha mafuta ya injini, ni ringi za pistoni. Ikitoa mapovu kwenye radiata, ni gasketi ya kichwa au kichwa chenyewe kimepasuka. Hata injini nzima huvuja kidogo kwenye ringi, kwa hiyo sauti hafifu hapo isimtishe mtu. Lakini supape iliyopinda hainong'oni. Unaweka kiganja kwenye bomba la moshi na unahisi upepo. Mwenye gari mwenyewe anaweza kuweka kiganja chake, na hiyo ndiyo sababu naupenda ushahidi huu: haumtaki mtu aamini maneno.

Tahadhari moja isiyoruhusu mzaha. Hewa ile inaisukuma pistoni chini kwa nguvu kubwa, na krenki inaweza kuzunguka ghafla. Spana isiachwe kwenye krenki, mikono ikae mbali, gia iingizwe na mawe yawekwe kwenye magurudumu. Gari la otomatiki krenki yake inashikwa kwa chombo. Krenki isiposhikwa, pistoni za silinda nyingine zinaweza kupanda na kupinda supape ambazo kipimo kilikuwa kinataka kuziokoa.

Wako wanaopendelea kipimo cha mgandamizo, kile cha kufunga saa ya presha kwenye tundu la buji na kupiga starta. Ni kizuri, lakini kinadai mkanda mpya uwe umekwisha kufungwa kwenye alama zake, na injini izungushwe kwanza kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenki bila kugonga. Na hapa wengi wanateleza: injini ikizunguka kwa mkono bila kukwama, wanashangilia na kuwasha. Supape iliyopinda kidogo inaweza isiguse kitu chochote na bado isifunge. Kuzunguka kwa mkono kunaonyesha tu kwamba hakuna kinachogongana sasa. Habari ya kuvuja hakuisemi. Baada ya hapo saa ya presha ndiyo inayosema. Silinda tatu zikisoma karibu sawa na moja ikasoma sifuri au karibu na sifuri, tafuta supape. Kama fundi anashuku ringi, anamimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye silinda ile na kupima tena: presha ikipanda, ni ringi, isipobadilika, ni supape.

Kuhusu saa hiyo ya presha kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya Japani havitaji. Bunia iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,275. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadri ya asilimia 13 au 14, na silinda inabana kile tu ilichokivuta. Injini ya petroli inayosoma bar 12 Mombasa inaweza kusoma 10 na nusu hapa ikiwa nzima kabisa. Fundi anayelinganisha na namba ya kitabu atasema silinda zote zimechoka, na atamuuzia mtu ringi, au injini nzima, kwa kosa la mlima. Kinachotakiwa kutazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, kisha ndiyo namba yenyewe.

Kuna njia nyingine ya kimya, isiyohitaji hewa wala starta, na mafundi wazee wanaijua. Ni kupima nafasi kati ya kinundu cha shafti na supape kwa vile vibao vyembamba vya kupimia. Supape iliyopinda haipandi hadi mwisho, inabaki imening'inia chini kidogo, kwa hiyo nafasi yake inakuwa kubwa kuliko ya wenzake. Ukikuta saba zina nafasi inayokaribiana na ya nane imeachama, umekwisha kuikamata. Inafaa kwa injini ambazo nafasi hiyo hurekebishwa kwa visahani. Pale ambapo mafuta yenyewe ndiyo yanajaza nafasi, njia hii haifai.

Tuseme kipimo kimeonyesha kwamba supape zimepinda. Kichwa kifunguliwe, hakuna njia nyingine. Lakini hapo pia mwenye gari awepo. Kichwa kikilazwa ubavu na petroli kidogo ikamiminwa kwenye njia za hewa na za moshi, supape isiyofunga itatoa machozi upande wa pili. Supape iliyotolewa ikiviringishwa juu ya kioo itacheza kama ilipinda. Pistoni zitazamwe kama zina ufa pale zilipogongwa, na njia za shina la supape zikaguliwe, maana shina likipinda linaweza kuipasua njia yake. Kwenye dizeli shafti ya juu na vishikio vyake vitazamwe kimoja kimoja, kwa sababu pigo linalofika kwenye supape linaendelea kupanda juu. Supape zilizopinda haziongolewi kwa nyundo. Nasema hivyo kwa kuwa nyundo hutumika. Supape iliyonyooshwa ina hatari ya kukatika kofia, na kofia ikidondoka ndani ya silinda inayozunguka, ndipo neno "injini imekwisha" linapata maana yake kamili.

Na bado hatujajibu swali ambalo karibu hakuna anayeuliza: kwa nini mkanda ulikatika? Mkanda huzeeka, ndiyo, na magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani, yakapita Mombasa au Dar es Salaam, yakapita Uganda, bila karatasi inayosema mkanda ulibadilishwa lini. Lakini mara nyingi mkanda huuawa na jirani yake. Pampu ya maji inakwama na kuusaga. Puli ya kukaza inaishiwa beringi. Mafuta yanavuja kutoka kwenye sili ya krenki au ya shafti ya juu na kuulainisha mpira hadi meno yanang'oka. Vumbi letu jekundu linaingia pale ambapo kifuniko kiliwahi kuvunjika na kufungwa kwa waya, au hakikurudishwa kabisa kwa sababu fundi aliona kinamsumbua. Anayefunga supape mpya na mkanda mpya juu ya pampu inayokaribia kukwama ameweka tarehe ya msiba wa pili.

Najua majibu ya mafundi, na sehemu yake ni ya haki. Mteja ana haraka, abiria wamekaa kwenye kivuli wanapiga kelele, na mteja yuleyule akiambiwa alipie kipimo peke yake atavuka barabara kwenda kwa fundi anayesema hapimi ila anatengeneza. Wengine watasema kwamba dizeli lazima ifunguliwe kichwa kwa vyovyote, kwa hiyo kipimo ni kupoteza muda. Kwa hilo la pili sikubaliani. Kipimo cha dizeli kinachoonyesha silinda mbili zimeharibika na nne ni nzima kinamwezesha mwenye gari kuagiza vipuri vinavyotakiwa na kupanga pesa zake, badala ya kuuza injini kama chuma chakavu. Kwa hilo la kwanza, kosa ni letu sisi wateja. Hospitalini tunalipia maabara kabla ya dawa bila kugombana. Garajini tunataka dawa kwa kutazamwa ulimi.

Halafu tuseme wazi kuhusu hiyo injini ya okazyo inayodhaniwa kuwa mwisho wa matatizo. Inatoka kwenye gari lililokatwa mahali fulani, na mkanda uliomo ndani yake una umri usiojulikana, sawasawa na ule uliokatika. Nani anaubadilisha kabla ya kuifunga? Wachache. Watu wanafunga injini "mpya" na mkanda wa zamani, wanatoka kwenda Mahagi, na wanashangaa. Injini ya okazyo ikinunuliwa, kipimo kilekile cha hewa kifanywe ikiwa bado sakafuni, mbele ya muuzaji, kabla pesa hazijahesabiwa. Muuzaji anayekataa kompresa isisogee karibu na injini yake amekwisha kukuambia unachotaka kujua.

Nini kifanyike? Bei ya kipimo iandikwe ukutani garajini, peke yake, na ilipwe hata kama jibu ni kwamba gari ni zima. Chama cha mafundi kinaweza kukubaliana juu ya hilo kwa siku moja. INPP, taasisi ya taifa iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya mafunzo ya kazi, ni mahali pa kuwafundishia vijana kipimo cha hewa kama somo la kwanza, kabla ya kuwafundisha kufungua kichwa; kijana anayejua kufungua lakini hajui kupima anafungua vitu vizima. Mashirika yenye Land Cruiser nyingi mjini hapa yana garaji zenye vifaa, na yangeweza kuwapokea mafundi wa mtaani kwa majuma machache bila kupoteza chochote.

Na mwenye gari asingoje. Kama hujui umri wa mkanda wako, uhesabu kuwa umekwisha. Kwenye 1HZ kuna taa ndogo ya T-BELT inayowaka baada ya kilomita 100,000. Taa hiyo inahesabu kilomita tu, haiuoni mkanda, na mtu anaweza kuizima bila kubadilisha chochote. Ukinunua gari na muuzaji akakuonyesha kwamba taa imezimika, hajakuonyesha kitu. Mwambie afungue kifuniko cha juu, ni boti chache. Mkanda wenye nyufa mgongoni, wenye mafuta, au uliokwanguka pembeni unaonekana kwa macho na tochi ya simu. Mkanda mpya ukifungwa, na pampu na puli zake zikibadilishwa pamoja nao, fundi aandike kwa rangi nyeupe ndani ya boneti tarehe na kilomita za siku hiyo, na vipuri vya zamani akupe mkononi uondoke navyo.